Nilivyopunguza gesi kwenye mkataba wa Ethereum

Nilitoka kwenye kazi ya seva na hifadhidata za kawaida, ambako kuongeza safu moja ya data hakumuumizi mtu kichwa. Kwenye Ethereum, blokcheni (daftari la pamoja la kidijitali) inayoendesha programu, kila hatua inalipiwa gesi, yaani kipimo cha kazi kinachogeuzwa kuwa ada, na mlipaji ni yule anayetuma muamala.

Nilikabidhiwa mkataba, yaani programu inayokaa kwenye blokcheni, wa kuthibitisha vyeti vya mafunzo. Ulikuwa unahifadhi kila kitu ndani yake: jina la mhitimu, kozi, tarehe, mtoaji, hadi maelezo. Nikaanza kwa kuupima na Foundry, zana ya kujaribia mikataba, kwa sababu ripoti yake ya gesi inaonyesha kila funksheni imekula kiasi gani. Kujaza nafasi mpya moja ya baiti 32 kwenye hifadhi ya kudumu kunakula gesi zaidi ya 20,000. Kutuma Ether, sarafu ya Ethereum, kutoka pochi moja hadi nyingine ni 21,000! Na cheti kimoja kilikuwa kinajaza nafasi kadhaa.

Basi kwa kila kipande cha data nikawa nauliza: mkataba wenyewe utakuja kukisoma? Jina hausomi kamwe. Nikaliondoa, tena kwa furaha, maana jina la mtu likishaingia kwenye blokcheni halifutiki. Cheti kamili kikabaki kwenye seva yetu. Hashi ya cheti, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili lake, ikawa ufunguo, na chini yake nikabakiza vitu vitatu tu: anwani ya mtoaji (baiti 20), muda wa kuisha (baiti 8) na alama ya kubatilishwa (baiti 1). Jumla 29, vinaenea nafasi moja. Hapa mpangilio una maana: Solidity, lugha ya kuandikia mikataba, hupakia vigeu kwa mfuatano ulivyoviandika, ukichomeka kikubwa katikati unafungua nafasi nyingine.

Historia ya utoaji niliihamishia kwenye matukio, yaani kumbukumbu ambazo mkataba hutoa unapofanya kazi, ambako data hulipiwa gesi 8 kwa baiti, juu ya ada ndogo ya kuanzia. Ila mkataba hauwezi kuyasoma matukio hayo, programu za nje ndizo huyasoma. Kwetu ilitosha.

Majaribio kwenye Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum, yalipita bila makeke. Kilichobaki kunisumbua ni seva: ikizimika, hashi ipo lakini cheti hakionekani. Kwa hiyo kila mhitimu sasa hupewa faili lake akae nalo, na uhakiki unafanyika hata seva yetu ikiwa imelala.