Tulivyopunguza taka za wodini kwetu Tanga

Wodi ya wanawake ninayoisimamia hapa Tanga ilikuwa ikijaza mifuko ya njano kupita kiasi. Mfuko wa njano ni wa taka zenye maambukizi. Chochote kiingiacho humo huishia kwenye kichomeo. Kichomeo kinakula mafuta, na mirija ya plastiki ya PVC ikiungua kwa moto usiokolea hutoa sumu ya dioksini. Upepo wa bahari ukivuma, moshi ule unaingia majumbani mwa watu. Hilo lilikuwa linaniuma.

Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida tu, zisizo na hatari. Kwa nini basi zetu karibu zote ziwe za njano? Nikamuuliza mama wa usafi, maana mbebaji ni yeye.

"Sista, humo mna maganda ya machungwa, chupa za maji na maboksi ya dripu."

Ndugu akishamlisha mgonjwa wake hutupa mabaki kwenye ndoo iliyo karibu, na iliyo karibu ilikuwa ya njano. Tukasogeza ndoo nyeusi, ya taka za kawaida, karibu na vitanda. Ya njano tukaifunga kwenye troli ya vidonda, anakoifikia muuguzi peke yake. Mabango peke yake hayatoshi. Mtu aliyeuguliwa hana muda wa kusoma ukuta. Sindano hatukuzigusa: zinaingia sefti boksi, boksi gumu la vitu vyenye ncha kali, nalo linafungwa likijaa robo tatu.

Kazi kubwa ilikuwa glovu. Zilikuwa zinavaliwa hata kupima presha, kupima joto na kugawa vidonge. "Dada, nikiambukizwa je?" aliuliza muuguzi mmoja kijana, na hofu yake ni ya haki kabisa. Nikazunguka naye wodini, kitanda kwa kitanda: penye damu, majimaji ya mwili au kidonda, vaa bila kusita, kwingine takasa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Glovu moja ikihudumia vitanda viwili inasambaza vijidudu, kwa hiyo hapa tunamlinda mgonjwa pia.

Stoo nako, dawa inayokaribia kuisha muda tunaiweka mbele, itoke kwanza, isije nayo ikawa taka.

Zamu ya usiku bado taka zinachanganywa. Mama wa usafi sasa anahudhuria makabidhiano ya asubuhi, na anatuambia alichokikuta kwenye mifuko kabla hatujaachana.