Keki naoka nyumbani, ila karatasi zinataka fremu ya duka

Jamani wengi mmeniuliza mbona siku hizi sipokei oda kubwa za wikiendi, wengine mkadhani nimeacha kuoka. Sijaacha. Nimekwama kwenye karatasi, na nimeona niwaeleze yote leo maana najua tuko wengi tunaooka majumbani na hakuna anayetuambia haya mapema, unakuja kuyajua ukiwa umeshatumia hela na nauli.

Nilianza 2021 na oveni ya gesi ya mtumba, keki ya kilo moja 35,000, wateja ni majirani na watu wa kanisani, alafu status za WhatsApp zikafanya kazi yake. Shida ilianza kwa jambo zuri kabisa. Dada mmoja mwenye supamaketi alionja mkate wangu wa ndizi kwenye besdei akaniambia niletee vipande 60 kila Jumatatu na Alhamisi, ila uwe na nembo ya TBS, lile shirika la viwango hapa Tanzania, na lebo inayosomeka, yani jina la bidhaa, vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na nani katengeneza na yuko wapi. Hapo kwenye "yuko wapi" ndo safari yangu yote imelala.

Hatua za mwanzo wala sio ngumu, niseme ukweli. TIN, yani namba ya mlipakodi ya TRA, mamlaka ya mapato, ni bure, jina la biashara nilisajili BRELA, wale wa usajili wa biashara, kwa mtandao nikiwa sebuleni, ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, mambo yanaenda. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, nako nendeni jamani, msiogope, wana mafunzo ya usindikaji na wanakupa barua ya utambulisho, na hiyo barua ina thamani kwelikweli maana mjasiriamali mdogo akienda nayo TBS gharama za mwanzo za kuthibitisha ubora serikali ndo inabeba. Na kama mtu anakwambia bado uende TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ujue maelezo yake ni ya zamani, toka 2019 mambo ya chakula yalihamia TBS na TFDA ikabadilika ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Mimi nilipoteza siku nzima kwa kufata posti ya zamani ya mtu.

Sasa leseni ya biashara. Hii inatoka halmashauri, siku hizi unaombea kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na moja ya vitu inavyotaka ni uthibitisho wa eneo la biashara, yani mkataba wa pango au hati kama nyumba ni yako. Mimi ni mpangaji, na mkataba wangu umeandikwa kwa ajili ya makazi. Nikamwendea baba mwenye nyumba, mzee mstaafu, mtu mwema sana ambaye hajawahi kunisumbua hata nikichelewa wiki.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamweleza naomba mkataba mpya unaosema nafanya biashara ya kuoka hapa. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, mimi nilikupangisha ukae na watoto wako. Ukiniandikia biashara, TRA watakuja kwangu."

Sikumlaumu na mpaka leo simlaumu, kwa sababu piga hesabu. Pango langu ni 250,000 kwa mwezi, sawa na milioni 3 kwa mwaka. Mkataba wa biashara ukishafika TRA kuna kodi ya zuio asilimia 10, hiyo ni 300,000, na ushuru wa stempu asilimia 1, hiyo ni 30,000. Kisheria ile ya zuio ni kodi ya mwenye nyumba, mpangaji unaikata tu kwenye pango unaipeleka, lakini mtaani nani mwenye nyumba anakubali kupokea pango pungufu? Anakwambia lipa mwenyewe au hama. Kwa hiyo mtu wa keki mbili tatu kwa wiki anaanza biashara na deni la 330,000 kabla hajanunua hata trei ya mayai, na hii ndo sababu kubwa wenzangu wengi wanaishia kuoka kimyakimya, sio kwamba wanakwepa sheria.

Alafu kuna suala la matumizi ya eneo. Kama nyumba ina hati, hati imeandikwa matumizi yake, makazi, au makazi na biashara, au vinginevyo, na ukitaka kubadili unapitia mipango miji chini ya sheria ya 2007, ni maombi ya mwenye kiwanja, mpangaji huna ubavu huo. Na Dar nyumba nyingi hazina hati kabisa, ziko kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, mtu ana leseni ya makazi au ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa basi. Mzee wangu ana leseni ya makazi. Ofisi moja niliyoenda nikaambiwa nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa, nyingine nikaambiwa barua ya mwenyekiti haitoshi, nikarudi nyumbani saa kumi jioni sijui hata niseme nimeambiwa nini.

Kilichoniuma zaidi ni siku ya ukaguzi. Alikuja bibi afya, mdada mpole lakini macho yake hayaachi kitu. Alifungua kabati zote, akapitisha kidole juu ya friji, akaangalia wavu wa dirisha kama una tundu, akaniuliza maji ya kunawa mikono na ya kuoshea vyombo yanatoka sehemu moja au mbili. Akaona kiroba cha unga kiko chini ukutani. "Unga haukai sakafuni dada, weka kwenye paleti, na uache nafasi ukutani upate kufagia nyuma yake, panya anapita hapohapo." Akanyoosha mkono kwenye taa juu ya meza ninapokandia, akasema balbu hiyo ikipasuka vioo vyote vinaingia kwenye unga, tafuta yenye kava. Kweli kabisa, miaka yote naoka chini ya ile balbu sijawahi kuwaza. Akaangalia na vyeti vyetu vya kupima afya, mimi na binti anayenisaidia, maana mnatakiwa mpime kila miezi sita. Alikaa kama dakika 40 na kila alichosema nilikiandika. Mwishoni akafunga daftari lake akaniambia, "Kwa usafi sina shida na wewe. Shida ni jengo."

Hilo neno sijaweza kulisahau. Mtu aliyesomea usafi wa chakula ameangalia jiko langu akaridhika, lakini kwa sababu mlango wa jiko unatokea koridoni kunapolala watoto, na nyumba ni ya kuishi, basi sipiti.

Najua kuna majirani pia, na wana haki. Jumamosi moja nilikuwa na oda tisa, bodaboda wakajaa getini kila mmoja anapiga honi, jirani wa upande wa kulia ana kichanga, akatoka akaniomba kwa upole tu. Toka siku hiyo bodaboda wanachukulia mzigo barabarani kwenye duka la vocha. Kero kama hiyo ndo sheria za maeneo zinatakiwa kuiangalia, magari, kelele, moshi, taka. Ila keki kumi kwa wiki zinazotoka kwenye oveni moja ya gesi hazina tofauti na mama anayepikia familia kubwa.

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari yuko Dallas kule Marekani, anauza maandazi na keki kwa Waswahili wenzake. Texas wana sheria ya vyakula vya nyumbani toka 2011. Anasoma kozi fupi ya usafi wa chakula, anabandika lebo inayosema wazi kwamba kimetengenezwa kwenye nyumba ya mtu na nyumba hiyo haikaguliwi, basi anauza. Na kuna kifungu kinachosema mji hauwezi kutumia sheria ya matumizi ya maeneo kumkataza mtu kuoka kwake, ila jirani anabaki na haki ya kushtaki akiona kero. Toka Septemba 2025 ukomo wa mauzo umepanda kutoka dola 50,000 hadi 150,000 kwa mwaka. Sambusa za nyama bado hawaruhusu kutengenezea nyumbani. Mimi sitaki tuige yote, kwa mfano ukaguzi naupenda, bibi afya alinifundisha vitu ambavyo nisingevijua. Ninachotamani ni kitu kimoja tu, jiko la nyumbani liwe na nafasi yake kwenye sheria, likaguliwe kama jiko, lebo iseme limetoka nyumbani, mteja achague mwenyewe. Machinga na mama lishe walipewa vitambulisho vya 20,000 mwaka 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, wakatambulika, kwa hiyo inawezekana mtu mdogo akatengenezewa njia yake.

Na hapo kwenye milioni 4 muwe makini, ni mauzo sio faida. Keki ya 35,000 ukiuza kama 115 kwa mwaka, yani mbili na kidogo kwa wiki, umeshavuka. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa 2019, kati ya milioni 4 na 7 asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka, anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 na una daftari ni 30,000. Nunueni daftari jamani, andikeni hata oda ya kapkeki sita.

Mimi nimerudi kwa mzee na wazo lingine. Uani kuna banda la chumba kimoja lilikuwa stoo ya mabati, tumekubaliana mkataba wa peke yake wa lile banda, 50,000 kwa mwezi, kwa hiyo zuio ni 60,000 kwa mwaka na stempu 6,000, nimesema nabeba mimi. Mlango wake unatokea nje, mbali na choo. Mwenyekiti ameandika barua, maombi ya matumizi yako mipango miji wiki ya tatu sasa, kila Jumanne naenda kuuliza. Fundi amemaliza vigae jana, masinki mawili yamefungwa, balbu ina kava. Bibi afya anakuja Alhamisi asubuhi, na unga umeshapanda kwenye paleti.