Siku moja maishani mwangu: nilienda kazini na homa ya 38.6

Saa 11 alfajiri
Alamu imelia nimeshaamka zamani. Nimelala na sweta na soksi na bado meno yanagongana, shuka limelowa mgongoni. Kipimajoto kinasoma 38.6. Jumatatu lilikuwa koo tu linawasha, jana viungo vikaanza kuuma, leo Jumatano ndo yenyewe. Nikakaa ukingoni mwa kitanda napiga hesabu za kazi: leo ni kufunga mishahara ya watu 212, faili liende benki kabla ya saa 10 jioni, na anayejua kulitengeneza ni mimi peke yangu. Yaani hapo ndo penye tatizo lenyewe jamani, watu wanasema tunaoenda kazini tunaumwa ni wabishi, mimi naona wengi wetu tunaenda kwa sababu hakuna wa kutushikia.

Saa 12 asubuhi
Nimemeza paracetamol mbili za miligramu 500. Baada ya kama saa moja hivi joto likashuka na mimi nikajiona mzima kabisa nikaoga nikatoka. Sasa mtu akijisikia hivi asidanganyike, ile dawa inashusha homa na kutuliza maumivu basi, kirusi kiko palepale na kuambukiza unaambukiza vilevile. Nilikuja kuambiwa na daktari kwamba yangu ni homa ya mafua, na hiyo mtu mzima anaanza kuambukiza kama siku 1 kabla hata hajasikia dalili, halafu anaendelea siku 5 mpaka 7 baada ya kuanza kuumwa. Maana yake Jumatatu nilipokuwa nimeinama na dada wa meza ya jirani kwenye skrini moja, tayari.

Saa 2
Kila anayepita ananiambia pole, mbona umekuja. Bosi akapita akanishika bega, "wewe ndo mtu wa kazi bwana." Alisema kwa nia njema kabisa na kwakweli nilifurahi, lakini sifa hizo ndo zinazotumaliza, maana wa pembeni aliyesikia, akiumwa wiki ijayo ataogopa kuomba ruhusa.

Saa 4
Hapa nataka nieleze taratibu kwa sababu ndo siku ilipoharibikia. Ovataimu zinatoka kwenye shiti ya mahudhurio, unakopi safu nzima unabandika kwenye shiti ya mishahara, kisha unahakiki majina yamekaa sambamba. Kazi nimeifanya miaka, kawaida inanichukua saa 3 tu nimemaliza kila kitu. Leo nasoma jina, nikihamisha macho kwenda kwenye namba jina limeshapotea kichwani, narudi, nasoma tena. Macho yanawaka, skrini kama inacheza. Nikawa nakopi vipande vipande nikiamini ndo uangalifu, na mahali fulani katikati nikabandika kipande kikashuka mstari mmoja. Sikuona. Nilikuwa naangalia kabisa na sikuona.

Saa 6
Homa imerudi, nimemeza mbili nyingine. Dada wa jirani akanipa na dawa yake ya mafua ya kukoroga kwenye maji ya moto, nikawa tayari nimeshika kikombe ndo akasoma pakiti kwa sauti: ina paracetamol ndani. Namshukuru mpaka leo. Mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vile vidonge 8, na ukichanganya dawa bila kusoma unapita bila kujua, ini ndo linaumia. Ukiwa na homa na haraka ya kazi nani anasoma pakiti?

Saa 9 na dakika 20
Faili limeenda. Nikalaza kichwa mezani.

Saa 10
Simu ya mlinzi wa usiku, mzee mmoja mpole sana. "Mwanangu samahani, nimeona karatasi ya mshahara, ovataimu hamna, nimekosea wapi?" Anauliza amekosea yeye! Nikafungua shiti, nikaangalia mtu wa juu yake, wa chini yake, mwili ukaisha nguvu. Kuanzia mtu wa 87 mpaka wa mwisho, watu 126, kila mmoja amebeba ovataimu ya mwenzake. Tukapiga benki, bahati nzuri walikuwa hawajalipa, faili likasimamishwa.

Saa 2 usiku
Wenzangu wawili wamebaki kurekebisha, mimi nimefukuzwa kwa upendo nirudi nyumbani. Kazi ya mtu mmoja ya saa 3 imekula watu watatu siku nzima, na mishahara itatoka kesho, sasa fikiria mtu aliyekuwa anaingoja leo kwa ajili ya kodi ya nyumba. Ningelala Jumanne nikamwelekeza mtu kwa simu yasingetokea haya.

Nimelala ila usingizi hauji, nikakumbuka utafiti mmoja wa watumishi wa serikali kule London, Whitehall II, matokeo yalichapishwa 2005. Wanaume ambao afya yao ilikuwa mbovu na hawakuchukua hata siku moja ya ruhusa ya ugonjwa, walipata matatizo makubwa ya moyo mara mbili ya wenzao wenye afya mbovu vilevile ila walikuwa wanapumzika kiasi. Hausemi mafua ya leo yatakupa ugonjwa wa moyo, lakini mimi miaka minne sijawahi kuomba hata siku moja na nilikuwa naitaja kwa fahari.

Saa 5 usiku
Meseji ya dada wa jirani: "Koo linawasha na nasikia baridi. Mama yangu ana pumu na tunalala chumba kimoja, nifanyeje?" Nimekaa na ile meseji muda mrefu. Nikamwambia atenge chumba usiku huuhuu kama inawezekana, afungue madirisha, avae barakoa akiwa karibu na mama, na asubuhi ampigie daktari wa mama kabla hata hajaanza kukohoa. Na kesho asije kazini.

Akajibu, "na faili langu la wasambazaji nani atamalizia?"

Nimewasha kompyuta kitandani, naandika hatua za mishahara moja moja ili mtu yeyote aweze kuzifuata, na yeye nimemwomba anirekodie za kwake kwa sauti.