Binti yangu, mimi na pakiti za Pokémon

Niseme mapema tu, kwangu mimi pakiti ya kadi ni kamari. Unalipa kwanza, kilichomo hukijui, na ile unayoitaka mara nyingi haimo. Mtu mzima analijua hilo, mtoto hajui, yeye anachojua ni kwamba ikiisha hii dukani kuna nyingine. Sasa binti yangu kaingia kwenye Pokémon, vile viumbe vya kubuni vya Kijapani, mzima mzima, alianza na gemu akahamia kwenye kadi, na kumkataza sikuona sababu, kwahiyo nimeingia naye ila kwa utaratibu wetu.

Utaratibu wenyewe ni kwamba pakiti inafunguliwa moja, tena polepole, na haifunguliwi nyingine mpaka kadi za hii zimeangaliwa zote na kupangwa. Mwanzoni alinuna, saa hizi yeye ndiye mkali kuliko mimi, nikinyoosha mkono tu nasikia "Baba usiguse, bado nasoma!" Na kweli anasoma. Anazitoa zikiwa zimelala kifudifudi halafu anageuza moja moja, anataja jina, anataja HP (uhai wake, yaani anavumilia kupigwa kiasi gani), anakazana na maelezo ya shambulio mpaka ayamalize. Kuna maneno kajifunza kwenye hizo kadi ambayo mimi kwenye vitabu nilimbembeleza nikachoka.

Ambao hamjawahi kushika hizi kadi, pakiti za Kiingereza tangu toleo la Scarlet & Violet lilipoanza 2023 zina kadi 10 na juu yake moja ya nishati (ile ya kumpa Pokémon nguvu ya kushambulia), na katika hizo 10 angalau tatu zinang'aa. Kwahiyo kung'aa peke yake siku hizi sio dili, japo mtoto ukimwambia hivyo hakusikii. Cha kuangalia ni ile alama ndogo chini pembeni: kiduara ni kadi ya kawaida, almasi ni ya katikati, nyota ni adimu. Halafu kuna namba. Siku moja kaja mbio, "Baba hii wamekosea, ni ya 205 lakini zote ziko 198, inawezekanaje?" Nikamwambia hawajakosea, hizo zinazozidi jumla ndio za siri, wameziongeza kwa makusudi. Akaikodolea macho weee. Toka siku hiyo namba ndio kitu cha kwanza anaangalia, hata picha inasubiri.

Lile la kamari tumelimaliza hivi: kama kuna kadi anaitaka kwelikweli, tunaitafuta iuzwe peke yake, hatuiwindi kwenye pakiti. Pakiti ni ya kushangaa tu kilichotoka. Kadi nyingi za kawaida ukizinunua moja moja ni bei ya kutupa, na hata zile nzuri nzuri mara nyingi unaipata kwa pesa ndogo kuliko ya pakiti ambazo ungechana ukiisaka. Tatizo la kununua hivyo ni feki, ziko kibao. Mgongo wa kadi ndio unaoziumbua haraka, ile bluu inakuwa imepauka au imekolea kupita kiasi, weka kando ya kadi unayoiamini utaona mwenyewe. Na ukikuta Pokémon ana HP elfu kadhaa, hapo hata usisumbuke kulinganisha.

Albamu ndio ugomvi wetu mkubwa. Mimi nataka zipangwe kwa toleo na namba ili mapengo yaonekane, yeye anazipanga kwa nani rafiki wa nani. Psyduck yule bata yuko ukurasa mmoja na Charizard yule joka kwa sababu "anamlinda". Nimeachana nae, albamu ni yake. Nilichoshikilia ni kimoja tu, kila inayong'aa iingie kwenye kifuko cha plastiki kabla ya kwenda popote na isifungwe rababendi, maana rababendi inaacha alama pembeni na kona zikishaanza kuwa nyeupe ndio basi tena. Unyevu nao ni adui, kadi zinazong'aa zikipata unyevu zinajikunja.

Zinazojirudia ni za kubadilishana na wenzake, na hapo ndipo nakaa macho, kuna watoto wakubwa wanajua bei wanawazunguka wadogo. Tumekubaliana akipewa ofa anasema "ngoja nikafikirie", jibu analitoa kesho yake. Simchagulii. Kuna kadi moja nilimwonyesha kabisa kwamba ina thamani kuliko ile anayoitaka, akanisikiliza vizuri tu, kesho yake akabadilisha vilevile. Furaha aliyokuwa nayo, na mimi moyoni naumia hahaha.

Ila jamani, zichezeni. Watu wengi wanakusanya tu wanasahau kwamba huu ni mchezo, na mchezo mzuri. Deki, yaani fungu la kadi unalochezea, ni kadi 60, jina moja lisizidi kadi nne isipokuwa nishati za msingi, unaanza na saba mkononi na sita za zawadi umezilaza mezani, na kila ukimwangusha Pokémon wa mwenzio unachukua zawadi. Hesabu humo hazikwepeki, shambulio la 90 likimpata mwenye udhaifu wa aina hiyo linakuwa mara mbili, na binti anapiga 180 kichwani mimi bado nainama kusoma kadi. Halafu anauliza kwa upole kabisa, "Baba, nikusaidie?"

Saa hizi tunabishana juu ya deki mpya ya maji, yaani ya Pokémon wa aina ya maji. Yeye anataka Magikarp wanne ili apate mapema Gyarados, ambaye Magikarp ndiye hugeuka kuwa yeye, mimi nasema wawili wanatosha nafasi ziende kwa kadi za kuvutia kadi zaidi, na hakuna anayelegeza. Mwenye uzoefu na deki za maji anisaidie hapo, maana peke yangu nimeshashindwa.