Ndani ya nguzo ya mita 8
Leo bandarini Rotterdam nimeingia ndani ya nguzo ya chuma inayosubiri kupelekwa Bahari ya Kaskazini kubeba mtambo wa upepo. Kipenyo chake mita 8! Nimegusa mshono wa kulehemu, baridi kama barafu, nikanyamaza kwanza.

Wengi hudhani hofu yetu sisi tunaojenga mitambo hii ni dhoruba moja kubwa. Kinachotunyima usingizi zaidi ni mtikisiko. Kila panga la mtambo likipita mbele ya nguzo huipa msukumo, na mawimbi nayo yana mdundo wao. Midundo hiyo ikilingana na mdundo wa nguzo yenyewe, yaani kasi inayoyumba nayo kiasili, chuma huchoka taratibu hadi kipasuke. Tena mkondo ukichimba mchanga wa chini, nguzo hulegea na mdundo wake hushuka, ukausogelea ule wa mawimbi. Ndiyo maana tunamwaga mawe kuizunguka.