Kutoka ng'ambo kurudi Ng'ambo, nyumbani kwa Uhuru

Nimerudi Tabora baada ya miaka 21, na wenyeji wa mji huu watanielewa nikisema kwamba nimetoka ng'ambo nikarudi Ng'ambo, mtaa wetu wa hapa, katika nyumba ileile aliyoijenga babu kwa matofali ya kuchoma. Babu na bibi walikwisha kutangulia mbele ya haki, baba mdogo naye akafuata. Waliobaki ni shangazi na, chini ya mwembe, Uhuru.

Uhuru ni kobe. Babu, aliyekuwa kibarua wa kufyeka majani kando ya reli iendayo Kigoma, alimwokota karibu na Urambo mwezi Desemba mwaka 1961, siku chache baada ya bendera kupandishwa, na jina halikutafutwa. Wakati huo alikwisha kuwa na ukubwa wa sahani ya pilau, kwa hiyo hakuna ajuaye umri wake hasa. Watoto wa nyumbani huhesabu mistari ya gamba lake, lakini mistari hiyo si kalenda, kwani mwaka wa malisho mengi waweza kuacha zaidi ya mmoja, na kwa kobe mzee huchakaa hata isionekane.

Nikiwa Leicester nilisoma habari za Jonathan, kobe mkubwa aliyepelekwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882, ambaye hukadiriwa kuwa alianguliwa mwaka 1832 hivi. Nilipiga hesabu ya kwetu: Livingstone alipokuwa Kwihara, hapa jirani na Tabora, mwaka 1872 akisubiri wapagazi, Jonathan alikuwa na miaka kama 40. Yeye ni wa jamii ya majitu, na wetu hubebeka kwa mikono miwili, lakini tangu siku hiyo niliamini kwamba Uhuru nitamkuta.

Nilichokihofia ni kukutana naye. Mwaka 1981 alivamia mchicha wa jirani mara tatu katika wiki moja, na baba mdogo akaamua afungwe kamba. Alichukua keke, mimi, mtoto wa miaka tisa, nikamshikilia kobe, na ncha ikazama ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma. Uhuru aliingiza kichwa na kutoa pumzi kwa mlio kama wa pampu ya baiskeli. Ilitoka damu kidogo. Baba mdogo aliifuta kwa kidole, akasema kwamba gamba ni kama ukucha tu, haliumi. Tukapitisha kamba ya katani, tukamfunga Uhuru mwembeni, na sikumbuki mtu yeyote aliyelicheka jina hilo.

Miaka mingi baadaye jirani yangu kule Uingereza, ambaye kila majira ya baridi humlaza kobe wake ndani ya jokofu (naapa, na kobe huamka salama), alinialika tumpeleke kwa daktari wa mifugo. Daktari alituonyesha picha ya eksirei: uti wa mgongo na mbavu zimeungana na gamba, nalo ni mfupa hai wenye damu na neva, na kile kifananacho na ukucha ni tabaka jembamba la juu. Sikumweleza habari ya keke.

Asubuhi ya kwanza, baada ya shikamoo na chai, shangazi alinipa maganda ya embe. Kamba ilikatwa zamani, na palipokuwa na mchicha pamejengwa vyumba vya kupangisha. Uhuru alitoka kivulini, akanyoosha shingo yenye mikunjo, akauma ganda na kulivuta kwa kulikanyaga kwa mguu wa mbele, juisi ikimchuruzika kidevuni. Tundu nililikuta limeziba, likabaki kovu la mviringo, laini kuliko gamba linalolizunguka. Niliweka kidole gumba pale. Uhuru akaacha embe, akaingiza kichwa, na mlio ule ukatoka.

"Hapo usimguse, baba," shangazi alisema akiendelea kupepeta mchele. "Hapo hapendi. Sijui kwa nini."