Siku Moja Maishani Mwangu: Afisa Elimu Kata Kwenye Dawati la Nyuma

Saa 11:00 alfajiri. Niliamka, nikachemsha chai, nikawaandaa watoto na kulijaza upepo tairi la nyuma la pikipiki, ambalo lilikuwa likipungua tangu Jumapili.

Mimi ni Afisa Elimu Kata katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Shinyanga. Zamani cheo hiki kiliitwa Mratibu Elimu Kata, na wazee wengi wa vijijini wanatuita "mratibu" mpaka leo. Nina shule saba za msingi na moja ya sekondari. Hata ndugu zangu wanadhani kazi hii ni kuzunguka na pikipiki nikipeleka barua za halmashauri na kuwakamata walimu wanaochelewa. Barua ninapeleka, na mahudhurio ninakagua. Lakini sehemu ninayoiona kuwa ndiyo kazi yenyewe hufanyika nikiwa nimekaa kimya kwenye dawati la nyuma, katikati ya watoto, nikimtazama mwalimu akifundisha, na baada ya kipindi tunakaa wawili tukazungumza juu ya tulichokiona. Wengine huiita kazi ya kocha. Mwalimu akishatoka chuoni, huweza kufundisha miaka mingi bila mwenzake yeyote kuketi darasani kwake kwa nia ya kumsaidia.

Saa 1:00 asubuhi. Mvua ilinyesha usiku, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa huganda kwenye magurudumu mpaka yanagoma kuzunguka. Nilishuka mara nne kuukwangua kwa kijiti. Hata hivyo, kabla Serikali haijatugawia maafisa elimu kata pikipiki mwaka 2018, shule hii ya kilomita 11 niliifikia kwa miguu au kwa lifti ya baiskeli, na mara nyingi sikuifikia kabisa.

Saa 2:00. Nilisaini kitabu cha wageni, nikapitia mahudhurio ya walimu, nikamsikiliza mwalimu mkuu kuhusu choo cha wasichana. Nje, mwanafunzi mmoja alikuwa ameshakimbia kutangaza, "Mkaguzi amekuja!" Neno hilo hunifuata kila shule. Ukaguzi wa shule siku hizi unaitwa uthibiti ubora, una ofisi yake na watu wake, nami si mmoja wao. Lakini mwalimu aliyezoea kwamba mgeni akikaa nyuma ya darasa amekuja kuandika makosa yake, haamini tofauti hiyo kwa kuambiwa tu.

Saa 2:40. Darasa la Pili. Siku hiyo walikuwa wanafunzi 94, watano watano kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watatu. Tangu michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kuchunga ng'ombe walikuja shuleni, jambo ambalo sitaacha kulifurahia, ila idadi ya vyumba na ya walimu haikukimbia nao. Mwalimu wa darasa hili amefundisha miaka 27. Nilimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu alipoanza kazi mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Akaitikia, "Marahaba, karibu," bila kunitazama, akageukia ubao.

Aliandika kwa hati nzuri sana: Baba ana jembe. Mama ana ndoo. Dada ana rangi. Darasa zima lilisoma likifuata fimbo yake, na ukisimama mlangoni ungeapa kwamba wote wanasoma. Mvulana niliyebanana naye, mwenye sweta lililochanika kiwikoni, alitamka kila neno kwa usahihi huku macho yake yakimfuata mjusi ukutani. Walipoanza kunakili, nilimwonyesha kwa kidole neno "ndoo" katika daftari lake mwenyewe, nikamnong'oneza anisomee. Akafikiri, akasema, "Baba." Nikamwonyesha "jembe." Akasema, "Baba ana." Sentensi zote alikuwa amezikariri kama wimbo, lakini nilipomjaribu herufi moja moja, aliyoijua kwa yakini ilikuwa a peke yake.

Ninapokaa nyuma huwa nachora madawati kama vijisanduku, na kila mtoto anapoulizwa swali naweka nukta kwenye kisanduku chake. Dakika 30 za kipindi zilipokwisha nilikuwa na nukta 19, na 17 kati yake zilikuwa safu mbili za mbele. Msichana mmoja wa safu ya tatu aliitwa ubaoni, akasoma "langi" palipoandikwa "rangi." Mwalimu akasema, "Hapana, kaa," akamwita mwingine.

Saa 3:15. Mwalimu mkuu aliingia kusimamia zoezi la kuandika ili sisi wawili tukakae chini ya mwarobaini. Nilimuuliza kama ninavyouliza siku zote: wewe mwenyewe umekionaje kipindi? Akajibu, "Ninyi ndio mmetumwa kutazama. Sema makosa yangu nisaini nirudi darasani." Nilimwambia hakuna mahali pa kusaini. Hakunijibu.

Hapo ndipo kazi hii huwa nzito, kwa maana ukiongea haraka umeshaharibu. Nilianza na yule msichana. Mwalimu alisema alikosea kusoma. Nikamwambia mimi nilimsikia akizisoma herufi zote tano kwa mpangilio wake, isipokuwa ulimi wake, uliokulia kwenye Kisukuma, ndio uliotamka l palipo na r. Kusoma amesoma, kilichobaki ni matamshi, na matamshi yana somo lake. Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe alichapwa akiwa darasa la pili kwa sababu ya neno "karatasi," na kwamba mpaka leo, akitakiwa kusoma mbele za watu, hutangulia kuyatafuta kwa jicho maneno yenye r.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa ofisi ya juu yangu: inatakiwa idadi ya madawati mabovu katika shule zangu zote kabla ya saa 8 mchana. Nilikuwa nimeituma siku kumi zilizopita. Nikaeleza hivyo, nikaambiwa nitume upya. Nilirudi kwenye mazungumzo, nikaomba radhi, na kabla mwalimu hajamaliza sentensi simu ikaita tena, safari hii wakitaka ya mbao yatenganishwe na ya chuma. Mara ya tatu niliulizwa mbona bado. Nilisimama juani nikiwapigia walimu wakuu mmoja baada ya mwingine, wengine hawapatikani, nikiandika tarakimu kwenye kiganja kwa sababu daftari nilikuwa nimeliacha kwenye benchi, na mwanamke mzima aliyenifungulia kidonda cha utotoni amekaa pale akisubiri nimalize kuhesabu madawati. Takwimu zina kazi yake, nami najua anayenipigia naye anapigiwa. Lakini ilinichukua dakika 40, na dakika hizo nilimnyima mwalimu ambaye kwa miaka 27 hakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya somo lake. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika.

Niliporudi nilikuta amelifungua daftari langu mwenyewe na anavitazama vile visanduku. "Hizi nukta ni watoto niliowauliza?" Nikasema ndiyo. Akaweka kidole kwenye nusu ya nyuma ya ukurasa, iliyokuwa karibu tupu. "Hawa sijawafikia." Nikamsimulia habari ya mvulana wa sweta. Akamtaja jina, akasema, "Huyo sauti yake naisikia kila siku." Halafu akaniuliza swali ambalo kila mwalimu wa darasa la chini huniuliza: "Lakini ni 94, afisa. Nifanyeje?"

Sikuwa na jibu la 94, na nilimwambia hivyo. Tulichoweza kukubaliana ni kidogo: kila kipindi cha kusoma, wakati wengine wanaandika, aje nyuma na akae na watoto watano tu, kila mmoja amsomee peke yake maneno mawili matatu ambayo hayamo kwenye sentensi za ubaoni, na aandike kwenye daftari nani anajua nini. Watano kila kipindi ni vipindi 19 kulimaliza darasa. Tulizungumza pia kuhusu kadi za silabi, ili anayekwama ashike kitu mkononi badala ya kutazama ubao ulio mbali. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akakung'uta sketi. "Haya nimeyasikia kwenye semina. Alhamisi njoo ufundishe wewe kipindi hicho, na mimi nikae pale nyuma na hilo daftari lako."

Nilikubali papo hapo.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Shule ya pili walikuwa na kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo hufanyika shuleni kwenyewe, walimu wakiketi pamoja kutatua somo linalowasumbua. Nilifika nimechelewa, na hiyo ilikuwa faida, maana niliwakuta wanabishana vizuri kuhusu namna ya kufundisha kutoa kwa kuchukua, wakitumia vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, wala hawakunihitaji. Nikakaa nyuma tena. Nilipotoka, mzazi alinisubiri getini kuhusu binti aliyeacha shule, na tuliongozana mpaka kwao. Njiani kurudi tairi lile likaisha upepo kabisa. Nilisukuma pikipiki karibu saa nzima mpaka kwa fundi wa senta, mgongo ukiniuma kama nimelima.

Nyumbani niliwakuta watoto wameshakula. Nilijaza fomu za siku, nikaikuta simu yangu na ujumbe mwingine kuhusu madawati, nikaujibu. Kisha nilitandika maboksi ya sabuni sakafuni, nikachukua mkasi na kalamu nzito, nikaanza kukata kadi za Alhamisi. Ra, re, ri, ro, ru upande huu, la, le, li, lo, lu upande ule, kwa ajili ya yule msichana na mwalimu wake. Kwa yule mvulana nimeanza na ba, kwa sababu "baba" ndilo neno linalomtoka hata pasipoandikwa.